Eli Alidhani Mama Yule Amelewa

(Hotuba kwenye semina ya wahudumu wa mlangoni na wazee wa kanisa, Mwanza)

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena! Wazee wangu, mwangaluka. Mchungaji wetu, wainjilisti, wazee wa kanisa, akina mama mliovaa sare pale mbele, na ninyi vijana wa mlangoni ambao semina hii ni yenu hasa, nawashukuru kwa kunipa nafasi. Nimeambiwa nina dakika arobaini. Mshika saa naomba anivumilie nikifika kwa bibi yangu, maana hapo huwa siwezi kwenda haraka.

Tufungue Samweli wa Kwanza, sura ya kwanza. Najua wengi mlishaweka kidole kwenye sura ya 16, pale Mungu anaposema wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo. Tutafika. Lakini leo nataka tuanzie kwa mama yake Samweli, kwa sababu sura ya 16 haikuingii vizuri mpaka uwe umesimama kwanza mlangoni pa hekalu, pale Shilo.

Mnamjua Hana, mke wa Elkana. Hajazaa mtoto. Mke mwenzake, Penina, ana watoto, na kila mwaka wakipanda kwenda kutoa dhabihu anamchokoza mpaka Hana analia na chakula hakipiti. Mwaka mmoja, watu wamekwisha kula na kunywa, Hana anainuka na kwenda kuomba. Sasa angalieni Biblia inasema Eli alikuwa ameketi wapi. Kitini pake, penye mwimo wa hekalu. Mlangoni! Kuhani mzee, kazi yake siku ile ni kama kazi yenu ya Jumapili. Anaona nani anaingia, amekuja vipi, anafanya nini.

Hana anaomba moyoni. Midomo inacheza, sauti haisikiki. Na Eli, Neno linasema, alikuwa anakiangalia kinywa chake. Hapo nawaomba tusimame kidogo, kwa sababu tumezoea kumlaumu Eli kama mtu mzembe. Hakuwa mzembe. Alikuwa anaangalia kwa makini, na macho yake yalimwambia kweli: midomo inacheza, hakuna sauti, na huyu mama amekaa hapa muda mrefu kuliko kawaida. Ni siku ya sikukuu, divai imenywewa. Eli amekaa kwenye kiti kile miaka mingi, walevi amewaona wengi. Akajumlisha. Akapata jibu. Jibu likawa uongo mtupu, ingawa kila alichokiona kilikuwa kweli.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye hatari yetu. Mhudumu mgeni, aliyeanza kusimama mlangoni juzi, anaogopa kukosea, kwa hiyo anauliza. Sisi tuliokaa miaka kumi, miaka ishirini, hatuulizi tena. Tunajua. Mtu yuko bado getini, sisi tumeshajua katoka wapi, anataka nini, atakaa benchi gani na sadaka yake ni shilingi ngapi.

Eli akamwambia: Utakuwa mlevi hata lini? Hakumwuliza kama amekunywa. Alimwuliza ataacha lini.

Sasa sikilizeni Hana. Mwanamke anayedharauliwa nyumbani, na sasa anatukanwa na kuhani, angeweza kuondoka akilia. Alijibu. Akasema, mimi sikunywa divai wala kileo, lakini nimemimina roho yangu mbele za BWANA. Na Eli, hapa nampenda Eli, alisikia. Alimwacha amalize. Hakusema "usinijibu, mimi ni mtumishi wa Mungu." Aligeuka palepale kitini pake, akamwambia aende kwa amani, na Mungu wa Israeli amjalie haja yake. Hana akaenda zake, akala, uso wake haukuwa na huzuni tena. Mtoto bado hajapatikana, mimba bado haijatungwa, lakini uso umebadilika. Kuna uponyaji ambao mhudumu wa mlangoni anaweza kumpa mtu kabla Mungu hajajibu maombi yenyewe.

Na mkisoma sura ya pili mtaona jambo zito zaidi. Wakati Eli anamkemea mama mcha Mungu kuwa mlevi, ndani ya hekalu lilelile walikuwamo Hofni na Finehasi, wanawe mwenyewe, makuhani kamili. Wanatuma mtumishi na uma wa meno matatu kuchota nyama ya dhabihu za watu chunguni, na wakitaka mbichi wanaitwaa kwa nguvu. Wanalala na wanawake wanaotumika mlangoni pa hema. Hao walikuwa na kazi takatifu na jina la baba yao, hivyo wakapita. Asiyekuwa na cheo ndiye aliyesimamishwa. Jicho likishaamua uchafu unafananaje, uchafu unajifunza kuvaa vizuri.

Sasa mniruhusu niende kijijini.

Bibi yangu mzaa mama alipika maisha yake yote kwenye mafiga matatu, ndani ya kijumba cha udongo kisicho na dirisha. Ninyi wa Usukumani mnaijua nchi yetu, miti ilishakwisha. Kutafuta kuni ni kazi ya mchana kutwa. Kwa hiyo baada ya mavuno tulipikia mabua ya pamba, na mabua yakiisha, samadi. Kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa juani. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka samadi jikoni kwenye ungo uliochakaa. Aliyewahi kupikia samadi anajua, ule moshi haupandi. Unakaa palepale, unamzunguka mpishi. Bibi alikuwa anapiga magoti, anapuliza, anainuka akifuta macho kwa ncha ya khanga, anapiga magoti tena. Mara tatu, mara nne, mpaka maji yachemke. Hiyo ni kwa mlo mmoja. Pigeni hesabu ya miaka hamsini.

Macho yakawa mekundu. Kope zikanyonyoka. Na ninyi wote hapa mnajua mama mzee mwenye macho mekundu anaitwaje katika mikoa yetu hii: mchawi. Sitaki tujifiche ndani ya Agano la Kale kana kwamba mambo haya yalikuwa ya Wayahudi. Hapa kwetu, Mwanza, Shinyanga, Simiyu, Geita, akina bibi wamekatwa mapanga usiku kwa sababu ya rangi ya macho yao. Moshi uliotupikia ugali ndio uliowahukumu. Na waliowaua wengine walilelewa kwa ugali huohuo.

Bibi alibatizwa akiwa msichana na ibada hakukosa. Benchi la akina mama lilikuwa la watu sita. Mwaka ule mtoto wa jirani alikufa kwa homa, akaitwa mpiga ramli, akasema maneno yao yale, kwamba ni mama mzee, macho yake hivi, nyumba yake inatazama upande fulani. Hakutaja jina. Hawatajagi jina. Jumapili iliyofuata nilikwenda na bibi kanisani, nimemshika mkono. Tukakaa. Wale watano waliokuwa wanakaa naye miaka yote wakapita, wakaenda kubanana benchi la nyuma, lililokuwa limejaa tayari. Hakuna aliyesema neno. Mhudumu wa mlangoni aliona, mzee wa kanisa aliona. Hapakuwa na hata mmoja aliyekuja kukaa pale nafasi ilipobaki, nafasi ya watu watano, na mimi miguu yangu haifiki chini. Bibi aliimba nyimbo zote, beti zote, kwa sauti yake ileile.

Mjomba alikuja usiku wa Jumanne akamchukua kwa baiskeli. Aliishi mjini miaka sita mingine na akafa kitandani kwake, namshukuru Mungu. Ila kitu kimoja kimenikaa mpaka leo. Katika kijiji kile kizima, pamoja na kanisa, hakuna mtu aliyeniuliza mimi, mtoto niliyekuwa napeleka samadi jikoni, macho ya bibi yamekuwaje. Ningewajibu. Jibu lilikuwa kwenye ungo.

Turudi kwenye Biblia, sasa sura ya 16. Mungu anamtuma Samweli Bethlehemu, kwa Yese, akampake mafuta mfalme mpya. Anaingia Eliabu, mzaliwa wa kwanza, mrefu, na Samweli anasema moyoni: ndiye huyu. Ndipo Mungu anamwambia usitazame uso wake wala kimo chake. Tunapohubiri hapo huwa tunasahau mambo mawili.

La kwanza, Samweli alishawahi kuungua kwa jambo hilohilo. Mfalme aliyekataliwa ni Sauli, na Sauli ndiye yule ambaye tangu mabegani kwenda juu alikuwa mrefu kuliko watu wote. Samweli amemlilia Sauli mpaka Mungu akamwambia utamlilia hata lini. Bado machozi hayajakauka, anaona mtu mwingine mrefu, moyo unamruka tena! Jicho halifundishiki kwa mara moja, wapendwa.

La pili ndilo linaloniuma. Samweli ni mtoto wa nani? Wa Hana. Mtoto wa mwanamke aliyehukumiwa kwa macho mlangoni pa Bwana. Kama kuna mtu katika Israeli yote aliyepaswa kulijua somo hili tangu tumboni, ni yeye. Naamini mama yake alimsimulia, kila mwaka alipompelekea lile joho dogo. Na bado, siku ya siku, nabii mzima, aliangalia kimo.

Na mimi, mjukuu wa mwanamke aliyeachiwa benchi peke yake, niliangalia gauni.

Nitawaambia. Ni miaka minane sasa. Mlangoni petu, kama kwenu, kuna kikapu cha khanga kwa ajili ya akina dada wanaokuja na nguo fupi. Ilikuwa zamu yangu, ibada ya kwanza, ile ya saa moja asubuhi. Akaja binti, labda miaka ishirini. Gauni fupi la kumetameta, halina mikono, viatu kashika mkononi, nywele hazijachanwa. Saa moja asubuhi! Nikajumlisha, nikapata jibu langu. Katoka disko. Sikumsalimia. Nilichukua khanga, nikamzungushia kwa nyuma, nikakaza fundo mimi mwenyewe kama ninayemfunga mtoto, na nikamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la tatu, "Hapa ni nyumbani kwa Mungu, siyo baa."

Akanigeukia. Akasema, "Mama, mimi..."

Nikanyoosha kidole kumwonyesha benchi la mwisho.

Hana alimaliza sentensi yake. Huyu binti mimi sikumpa nafasi. Aliketi, akainama, nikawa namwona mabega yake wakati wa maombi. Kabla ya mahubiri nilipogeuka hayupo. Nilikwenda kwenye benchi nikakuta khanga imekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe, na juu yake noti ya shilingi elfu moja. Alikuja na sadaka. Mlevi hakunji khanga namna ile.

Nilitoka mpaka barabarani. Nikaangalia upande wa kituo cha daladala, nikaangalia upande wa hospitali. Sikumwona. Mpaka leo sijui alikuwa anataka kusema nini. Pengine kweli alitoka disko, na huko ndiko Roho Mtakatifu alikomwamshia. Pengine alikesha na mgonjwa, alitolewa harusini usiku akapelekwa wodini na nguo aliyokuwa nayo. Nimejaribu kuimalizia ile sentensi yake mara nyingi sana usiku. Siwezi. Ilikuwa yake.

Kwenye Luka sura ya saba Yesu yuko mezani kwa Simoni Mfarisayo, na yule mwanamke mwenye dhambi analia miguuni pake. Yesu anamwuliza Simoni: "Wamwona mwanamke huyu?" Zamani nilikuwa nashangaa, swali gani hilo? Si yuko hapo, kila mtu anamwona? Sasa nalielewa. Simoni alikuwa ameona sifa yake ya mjini. Machozi, nywele, chupa ya marhamu, vyote vilikuwa mbele ya macho yake na hakuviona.

Najua kuna mzee hapa anataka kuniuliza, kwa hiyo tuache watu waje nusu uchi? Hapana, mzee wangu. Mimi mwenyewe navaa kitenge mpaka kifundoni na wajukuu zangu nawafundisha hivyo. Kikapu kwetu bado kipo. Tulichobadilisha ni utaratibu. Kwanza salamu. Kisha jina, na ukishaliuliza jina ulikumbuke. Kisha kiti, na siyo cha nyuma kwa sababu ni mgeni, bali penye nafasi nzuri. Khanga, kama inahitajika, anapewa mkononi baada ya hayo yote, kama unavyompa mgeni mtandio kukiwa na baridi, ajifunge mwenyewe. Sijaona binti aliyeikataa tangu tuanze hivyo. Wengine huifua na kuirudisha Jumapili inayofuata, na hapo anakuwa amekwisha kurudi mara ya pili.

Kuna upande wa pili, na huu nausema mchungaji akiwepo kwa sababu ni upande unaotugharimu. Likiingia gari kubwa pale nje, tunafanyaje? Kijana anakimbia kufungua mlango, mwingine anafuta kiti ambacho hakina vumbi. Mama aliyewahi saa kumi na mbili anaambiwa asogee, "tuna mgeni." Yakobo aliyaandika haya, pete ya dhahabu na mavazi mazuri, keti wewe hapa mahali pazuri, na wewe maskini, simama pale. Alikuwa anaandika habari za siku yetu ya mavuno.

Niliwahi kwenda Zanzibar, kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini. Mnajua limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Sokoni pale kazi yote ilikuwa ya macho. Mnunuzi anafungua kinywa cha mtu anahesabu meno, anabonyeza mkono, anaambia mtu atembee arudi, kisha anataja bei. Basi kulikuwa na mtoto wa Kiyao aliyeonja utumwa huo, akalelewa na wamisionari, jina lake Cecil Majaliwa. Mwaka 1890 alipewa daraja la ukasisi katika kanisa hilohilo, kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile, na alifanya kazi miaka mingi kwa watu wake huko kusini, Chitangali. Nilisimama pale nikawaza, kuna aliyemtazama mtoto yule akaona bei. Na mimi nikipanga watu viti kwa thamani ya suti zao, nimelirudisha soko kanisani, nimeligeuza tu liwe na maua ya plastiki.

Lakini, vijana wangu, msigeuze hukumu upande mwingine mkadhani mmekuwa wa kiroho. Kuna wanaoona tai na suti wanasema huyu ni fisadi. Wanaona dada kapaka rangi ya mdomo wanasema huyu hana wokovu, na mwenye nguo ya kuraruka wanamwona mtakatifu. Hayo nayo ni macho. Daudi aliyechaguliwa siku ile, Biblia inasema alikuwa na macho mazuri na umbo la kupendeza. Alikuwa mzuri! Mungu hakumpa sifa kwa uzuri wala hakumhesabia kosa. Na moyo huohuo uliompendeza Mungu ukaja kuangukia kwa mke wa Uria. Moyo wa mtu ni mbali, mimi na wewe hatufiki huko. Tulichopewa ni masikio na mdomo wa kuuliza.

Ndiyo maana siombi mtoke hapa mkijua kusoma mioyo ya watu. Ninawaomba jambo moja dogo, linalohitaji nusu dakika mlangoni. Mtu akianza kukuambia "mimi...", nyamaza. Mwache afike mwisho, hata kama kwaya imeanza, hata kama mchungaji anakuangalia. Eli alipewa neema ya nusu dakika hiyo, na kutoka kwenye nusu dakika hiyo Israeli ikapata nabii.

Ile khanga ninayo. Sikuirudisha kwenye kikapu. Ni ya njano, pindo lake jeusi, imefifia kidogo mahali ilipofungwa fundo. Kila zamu yangu ikifika naiweka kwenye mkoba, na Jumapili hii zamu ni yangu, ibada ya kwanza. Kama binti yule yuko bado hapa Mwanza, na kama Mungu atamwelekeza mlango wetu tena, nitamshika mkono, nitamwomba radhi, nitamweka benchi la mbele karibu na mimi, kisha nitamwambia, "Mwanangu, siku ile ulisema, 'Mama, mimi...' Endelea. Nakusikiliza."